Poda ya Mtoto Inamfanyia Nini Mtoto?

Hotuba iliyotolewa na mkunga mstaafu mbele ya wazazi, walezi na wakunga wa jadi, Tanga. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wauguzi wenzangu, akina mama, akina baba mliojitokeza, na ninyi mabibi mliokaa mstari wa mbele mkiwa na wajukuu mapajani: Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nijibu swali moja, na nitalijibu sasa hivi ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aondoke na jibu lake. Je, mtoto mchanga apakwe poda? Hapana. Asipakwe shingoni, asipakwe kifuani, asipakwe mapajani wala sehemu za siri. Muda uliobaki ni wa kueleza sababu, maana najua kwamba kumwambia mama wa Tanga amuogeshe mtoto asimpake poda ni sawa na kumwambia apike pilau bila bizari.

Tunajijua. Tukipeleka zawadi ya mtoto, ndani ya beseni mna sabuni, mafuta, kanga, na juu yake kopo la poda. Mtoto akitoka kuogeshwa, poda. Akipelekwa kliniki kupimwa uzito, shingo imekuwa nyeupe mpaka muuguzi wa kwenye mizani anapiga chafya. Na mtoto asiye na poda shingoni, wapo watakaonong'ona kwamba mama yake mvivu. Desturi hii imefungamana na usafi na mapenzi, na kwa hiyo sitamlaumu hata mmoja wenu aliyeifuata. Ninachoomba ni kwamba tuikague kazi ya poda kama tunavyokagua kazi ya dawa yoyote inayogusa mwili wa mtoto: inamfanyia nini?

Tuanze na kopo lenyewe. Ndani yake mna nini? Katika poda nyingi tulizozizoea mna talki, na talki ni jiwe. Ni madini yenye magnesiamu na silika, yanayochimbwa ardhini, yakasagwa mpaka yakawa vumbi laini, kisha yakatiwa manukato. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 na kuishia 10, almasi ndiyo 10 na talki ndiyo 1. Hata ukucha unaikwaruza. Ulaini huo ndio uliowavutia watu. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba talki haikuanza kwa mtoto. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 kampuni ya Marekani ya Johnson & Johnson ilikuwa ikiuza plasta za dawa, na daktari mmoja akalalamika kwamba plasta hizo zinawawasha wagonjwa ngozi. Mwanasayansi wa kampuni hiyo, Fred Kilmer, akashauri watumie talki kutoka Italia kutuliza mwasho. Watu wakaona inateleza vizuri, wakaijaribu kwa watoto wao, na kufikia mwaka 1894 kampuni ilikuwa inauza poda ya watoto. Tangu wakati huo harufu ile ikawa ndiyo harufu ya mtoto, kana kwamba watoto huzaliwa nayo.

Naomba mshike jambo moja kuhusu jiwe hili, kwa sababu nitalirudia: haliyeyuki katika maji. Likiingia mahali penye unyevunyevu halitoweki. Linakaa.

Sasa tuingie kwenye jambo la kwanza, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: pumzi ya mtoto.

Kesho asubuhi, jua linapoingia dirishani kwa mshazari, simama hapo na kopo la poda, ulitikise mara moja tu juu ya kiganja. Zile punje nzito utaziona zikianguka mkononi. Lakini tazama ndani ya ule mwali wa jua. Utaona vumbi lingine, jepesi, linapanda badala ya kushuka, linazunguka na kuelea, na ukirudi baada ya kutandika kitanda bado utalikuta. Hilo ndilo linalopumuliwa. Na ni nani aliyelala chali chini ya wingu hilo, mdomo wazi, hawezi kugeuka wala kukimbia? Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60. Njia zake za hewa ni nyembamba mno, kiasi kwamba uvimbe mdogo ambao wewe ungeuhisi kama mafua, kwake unaweza kuziba mlango. Vumbi la talki likifika huko hukausha ule utelezi unaolinda njia za hewa, hukwama katika vijia vidogo, huamsha uvimbe, na kwa kuwa haliyeyuki, mwili hauna namna rahisi ya kuliondoa.

Nitawasimulia kisa kimoja. Nilikuwa zamu ya usiku alipoletwa mtoto wa miezi kumi ambaye mchana wake, akibadilishwa nepi, alikuwa akirusha miguu na kulia, na mama yake, kama ambavyo kila mmoja wetu hapa angefanya, alimpa kitu ashike ili atulie. Kitu kilichokuwa karibu kilikuwa kopo la poda. Kifuniko kilikuwa hakijazungushwa mpaka mwisho. Mtoto akalipeleka mdomoni, kama wafanyavyo watoto kwa kila kitu, na poda ikamwagika usoni. Akakohoa sana, akafutwa, akanyonya, akalala. Nyumba nzima ikaona yamekwisha. Ilipofika baada ya sala ya Isha, mtoto alikuwa anapumua mbiombio, mbavu zinabonyea ndani kwa kila pumzi, na ukingo wa midomo umeanza kugeuka rangi. Nilipomfungua nguo nilikuta poda imegandamana nyuma ya sikio na kwenye matundu ya pua. Alipona, Alhamdulillahi, lakini alipona baada ya kulazwa na kuwekewa oksijeni, na mama yake hakuacha kuniuliza: mbona mchana alikuwa mzima?

Hilo ndilo swali la kuliangalia. Mbona mchana alikuwa mzima? Kwa sababu madhara ya poda iliyovutwa ndani yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mtoto anakohoa, anatulia, wazazi wanatulia, na uvimbe unaendelea kimyakimya ndani ya mapafu. Kisa hiki si cha mtoto mmoja wa Tanga. Mwaka 1981 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha onyo la madaktari kuhusu hatari hii hii, watoto wakibadilishwa nepi na kopo likiwa mikononi mwao, na mpaka hapo vifo vilikwisha kuandikwa katika maandiko ya kitabibu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri poda isitumike kwa watoto. Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba poda yenye talki inayokusudiwa watoto wa chini ya miaka mitatu iandikwe onyo la kuiweka mbali na pua na mdomo wa mtoto. Nawauliza: kitu cha kumpaka mtoto shingoni, utakiwekaje mbali na pua yake?

Ikitokea mtoto amemwagikiwa poda usoni, mfute pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji, mkalishe wima, usimpe maziwa wala mafuta ya kula eti ashushe, kisha nenda hospitali hata kama ametulia. Nasema tena: hata kama ametulia.

Najua mabibi mlio mbele mna neno. Mmelea watoto saba, wanane, wote kwa poda, na wako hai, mmoja wao ndiye Mwenyekiti wetu wa leo. Ni kweli, na sikusudii kuwapinga. Watoto wengi wanaopakwa poda hawapati madhara yanayoonekana. Lakini zamani mtoto akibanwa na kifua, nani aliuliza habari za poda? Tulisema ni nimonia, au ni upepo mbaya, au ni jicho la mtu, tukazika na tukasubiri kheri nyingine. Sisi wauguzi pia hatukuuliza.

Jambo la pili ni hili: unajuaje kilichomo ndani ya kopo?

Nchini Ufaransa mwaka 1972 watoto walianza kuugua katika namna iliyowashangaza madaktari. Matako na mapaja yao yalibabuka, kisha wakaingia katika usingizi mzito na degedege. Ilichukua muda kugundua kwamba wote walikuwa wamepakwa poda ya talki ya chapa moja, iitwayo Morhange. Kiwandani lilikuwa limefanyika kosa: dawa ya kuua bakteria iitwayo heksaklorofeni ilikuwa imeingia katika poda hiyo kwa zaidi ya asilimia 6, hali haikukusudiwa kuwemo kabisa. Sumu hiyo hupenya ngozi na kufika kwenye ubongo. Na mzazi akiona mapaja ya mwanawe yamebabuka, hufanya nini? Huongeza poda. Watoto 204 waliugua, na 36 kati yao walikufa. Mwaka 1975 Ufaransa ikatunga sheria mpya ya vipodozi kwa sababu ya msiba huo. Siwaambii kwamba makopo ya dukani kwenu yana sumu ile. Nawaonesha jinsi ngozi ya mtoto ilivyo mlango, na jinsi kinachoitwa kipodozi kinavyoingia mwilini kama dawa.

Halafu kuna asbesto. Hii mnaijua kutokana na mabati ya zamani ya baadhi ya majengo. Ni madini yenye nyuzi nyembamba ambazo zikivutwa husababisha saratani, na ubaya wake ni kwamba ardhini mara nyingine hukaa pamoja na talki, kiasi kwamba mchimbaji asipokuwa mwangalifu huzitoa zote mbili. Mwezi Desemba 2018 shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi uliotokana na nyaraka za Johnson & Johnson yenyewe, ukieleza kwamba kati ya mwaka 1971 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vipimo kadhaa viliwahi kukuta kiasi kidogo cha asbesto katika talki yake. Kampuni ilikanusha, na mpaka leo inasema poda yake ni salama na haisababishi saratani. Oktoba 2019 ilirudisha chupa zipatazo 33,000 kutoka sokoni baada ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani kukuta chembe za asbesto katika chupa moja. Kampuni ikasema vipimo vyake vya baadaye havikukuta kitu. Maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wameishtaki mahakamani.

Sasa sikilizeni mfuatano wa tarehe. Mei 2020 kampuni ilitangaza kuacha kuuza poda ya watoto yenye talki nchini Marekani na Kanada. Agosti 2022 ikatangaza kwamba itaacha dunia nzima mwaka 2023 na kutumia wanga wa mahindi badala yake. Ilisema ni uamuzi wa kibiashara. Mimi ni mkunga, mambo ya biashara siyajui sana, lakini kati ya tarehe hizo mbili kuna zaidi ya miaka miwili ambayo kopo lililokwisha kuondolewa mbele ya mama wa Toronto liliendelea kuuzwa kwa akina mama wa nchi nyingine, na za Afrika zikiwemo. Mapafu ya watoto wao na ya watoto wetu yameumbwa tofauti? Na zipo kampuni nyingine nyingi ambazo bado zinauza talki, kwa hiyo msitazame jina la mbele wala picha ya mtoto anayecheka. Geuzeni kopo, someni maandishi madogo ya nyuma. Mkiona neno "talc" au "talcum", mmekwisha kujua.

Mtaniuliza: basi poda inaleta saratani? Hapa nataka kusema kwa uangalifu, kwa sababu habari hii imepotoshwa sana kwenye makundi ya WhatsApp. Julai 2024 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka talki katika kundi liitwalo 2A, maana yake ni kwamba yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu nayo imo katika kundi hilo. Makundi haya yanapima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari, na kwa hiyo mtu asitoke hapa akidhani kwamba kila aliyepakwa poda ataugua. Talki yenye asbesto ndani yake iko kundi la 1, lile la vitu ambavyo haina shaka vinasababisha. Ushahidi uliotazamwa kwa wanadamu ulihusu hasa wanawake waliokuwa wakijipaka poda sehemu za siri, na saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Utafiti huo una mabishano yake, na wataalamu hawajakubaliana wote. Lakini ninyi wenye mabinti, na ninyi wenyewe mnaojipaka mkitoka kuoga: kama kitu kina shaka ya namna hiyo na faida yake ni harufu tu, kwa nini kipakwe huko?

Na hapo ndipo tunapofika kwenye faida. Ingekuwa poda inaponya kitu, tungepima faida na hasara, kama tunavyopima kwa chanjo na kwa dawa za malaria. Inaponya nini?

Wengi mtasema harara. Harara inatokea pale vijitundu vya jasho vinapoziba na jasho likabaki chini ya ngozi. Kitu kilichoziba, unakitia vumbi? Poda juu ya shingo yenye jasho inakuwa tope, tope linaingia ndani ya mikunjo, likikauka linakwaruza, na harara inazidi. Nimekunjua shingo za watoto wanono nikakuta mistari ya poda iliyoganda, imechanganyika na maziwa yaliyocheuliwa, na chini yake ngozi mbichi inayotoa harufu. Mama amekuwa akipaka poda kila siku kuficha harufu iliyoletwa na poda.

Dawa ya harara ni kumpunguzia mtoto joto. Hapa Tanga, Januari, nawaona watoto wamevalishwa sweta, soksi, kofia, na juu yake blanketi, eti watapata baridi. Baridi gani? Mtoto aliyetimiza siku zake na mwenye afya, katika joto hili, anahitaji kinguo kimoja chepesi cha pamba. Mpapase nyuma ya shingo: ukikuta jasho, mvue. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kugusagusa na kanga laini pasipo kusugua, ukikunjua mkunjo mmoja mmoja, shingoni, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye kinena, kisha umwache kidogo apigwe na hewa. Kanga iliyofuliwa mara nyingi inakausha vizuri kuliko poda yoyote.

Wengine mtasema mapaja, kubabuka kwa sababu ya nepi. Ngozi hubabuka kwa unyevunyevu, kwa mkojo na kinyesi kinachokaa muda mrefu, na kwa msuguano. Basi tibuni hayo. Badilisheni nepi mara tu inapochafuka. Najua pampasi ni ghali, na ndiyo maana mama anaiacha ijae mpaka inaning'inia, lakini nepi ya kitambaa inayobadilishwa mara kwa mara ni bora kuliko pampasi moja ya kutwa nzima. Safisheni kwa maji matupu na kitambaa laini. Mwacheni mtoto akae bila nepi kila mnapoweza. Kisha pakeni mafuta ya mgando, au krimu yenye zinki, tabaka nene, ili mkojo usiguse ngozi. Hayo hayaelei hewani. Mkiona wekundu mkali unaoingia mpaka ndani ya mikunjo, na vipele vidogovidogo vimetawanyika pembeni yake, huenda ni fangasi, na hiyo inataka dawa kutoka zahanati.

Kitovu sitakaa nacho sana kwa sababu wakunga wa jadi walio hapa wamefundishwa na wanafundisha wenzao. Kitovu kibichi ni kidonda kilicho wazi. Kisitiwe poda, kisitiwe majivu, kisitiwe mafuta ya taa. Kiachwe kikavu, isipokuwa mhudumu wa afya amekupa dawa maalumu ya kukipaka.

Mtaniuliza na kuhusu poda ya wanga wa mahindi. Ni afadhali kuliko talki, kwa kuwa haina asbesto na punje zake ni kubwa kidogo, haziendi mbali sana ndani ya mapafu. Wapo wanaosema inalisha fangasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 uliijaribu kwenye ngozi ya binadamu na haukuona hivyo. Lakini nayo ni vumbi, nayo inavutwa, na swali linabaki lile lile: kama mtoto amekaushwa vizuri, vumbi la nini? Akina bibi wasioweza kuachana kabisa na kopo wamimine wanga kidogo kiganjani, mbali na mtoto, wasugue mikono, kisha wampapase mapajani tu. Wasimnyunyizie kamwe. Hayo ni maafikiano, sikuyapendekeza kwa moyo mweupe.

Akina baba, mmekaa kimya muda wote kana kwamba jambo hili haliwahusu. Ninyi ndio mnaotumwa dukani. Mkiambiwa mlete poda, leteni mafuta ya mgando, na mkiulizwa, semeni nimewatuma mimi. Wenye zawadi za watoto, wekeni kanga ya pili kwenye beseni mahali pa kopo. Na vijana wa keram, msimwombe mama mzazi kopo lake na kuchezea ndani ya chumba alicholala mtoto. Poda ya ubaoni inaruka vilevile, pelekeni keram yenu barazani.

Makopo yaliyobaki nyumbani yawekwe juu, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki, au yatupwe. Pale mezani muuguzi ameleta mwanasesere, beseni na kanga. Nawaomba akina mama wenye watoto wa chini ya miezi sita watangulie, tuoneshane namna ya kukausha mikunjo ya shingo, na kwa yeyote mwenye mtoto aliyebabuka leo hii, asiondoke kabla hatujamtazama. Halafu tutapokea maswali.